Nta ya Mlembe

Niliwahi kuandika hadithi fupi yenye ndege. Msichana amepotea kwenye pori la miombo, jua linatua, mara mlembe anatokea juu ya tawi, anamwita, anamtangulia mti hadi mti mpaka anamfikisha kwao. Niliipenda mno. Niliisoma kwa sauti peke yangu chumbani, mara mbili, nikaona haina neno la kuongeza wala la kupunguza.

Mwaka huohuo nilikwenda Sikonge, kusini mwa Tabora mjini, kumsalimia mjomba. Jioni moja akaja pale uani mzee jirani, mrina asali tangu ujana wake, akakaa nasi kuota moto. Mjomba akanihimiza nisome nilichoandika. Nikasoma. Mzee alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza:

"Mjukuu wangu, na huyo ndege alikula nini?"

Nikamjibu, "Hakula kitu, babu. Alikuwa anamsaidia tu yule msichana."

"Yule ana njaa," akasema. "Mlembe haendi bure."

Alfajiri akanipitia. Tulitembea karibu saa nzima ndipo tukamsikia. Sauti yake ni kama kiberiti kinachotikiswa karibu na sikio, kikaachwa kidogo, kikatikiswa tena. Nilitazamia ndege wa kupendeza. Nikaona ndege wa kijivu asiye na urembo wowote, isipokuwa weupe wa pembeni mwa mkia unaoonekana anaporuka. Babu akampigia mluzi, akagonga shina kwa kisigino cha shoka ili ajue tumemsikia. Ndege akaruka hatua kadhaa, akatua, akatungoja. Tukimkaribia, anaruka tena. Mwisho akatulia juu ya mninga mkubwa, kelele zikapungua, na babu akainua macho akitafuta kwenye shina mpaka akaliona tundu, nyuki wanaingia na kutoka.

Akawasha kienge cha magome makavu, akapuliza moshi, akalipanua tundu kwa shoka, akaingiza mkono hadi begani. Masega ya asali akayatia kwenye ndoo. Lakini kabla ya kuifunika alichagua kipande kimoja cheusi, kikavu, nta tupu na majana, akakiweka juu ya gogo mahali peupe, akanivuta mkono tukasogea mbali. Ndege akashuka.

"Ukimnyima leo, siku nyingine atakupeleka kwa simba," akasema babu. "Ndivyo baba yangu alivyonifundisha. Mimi sijapelekwa kwa simba. Wala sijamnyima."

Tangu siku ile nimesoma kila nilichopata kuhusu ndege huyu, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona jinsi hadithi yangu ilivyokuwa tupu. Mlembe hutaka nta na majana. Tumbo lake linaweza kuisaga nta, jambo ambalo viumbe wachache sana wanaliweza. Lakini hana nguvu ya kuvunja mti wala kinga ya kutosha dhidi ya nyuki. Binadamu ana moto na shoka. Ndege ana habari. Wamepatana. Kule Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, Wayao humwita kwa mlio wa kutetemesha ulimi unaoishia kwenye mguno. Watafiti walioufuatilia mlio huo walitoa matokeo yao mwaka 2016: anayeutumia ana nafasi ya asilimia 54 ya kuonyeshwa nyuki, ilhali anayetembea na sauti nyingine au kelele za kawaida ana asilimia 17 hivi. Wahadza wa kandokando ya Ziwa Eyasi hawaguni; wao hupiga mluzi. Na utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2023 ukaonyesha kwamba ndege wa Wahadza huitikia zaidi mluzi wa Wahadza, na ndege wa Wayao mguno wa Wayao. Ndege wa porini, hafugwi na mtu, na amejifunza lugha ya mahali alipo.

Kuna jambo lililonishika zaidi ya hayo. Wayao humwachia mlembe nta yake, kama babu alivyofanya. Wahadza, mara nyingi, hukusanya masega yaliyobaki wakayachoma au wakayafukia, ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Ndege mmoja, njaa moja, na watu wawili wenye busara mbili zisizofanana kabisa. Mwandishi akipewa hilo, amepewa riwaya nzima! Nani amwambie mwenziwe kwamba amekosea? Je, yule aliyekulia kwenye kijiji cha kuacha nta akiolewa kwenye kambi ya kuchoma nta, atafanya nini siku ya kwanza atakapoongozana na mumewe porini?

Na porini penyewe pana lingine ambalo ngano haikuniambia. Mlembe hajengi kiota. Hutaga katika viota vya ndege wengine, na kinda lake huanguliwa likiwa na ndoana kwenye ncha ya mdomo. Kwa ndoana hiyo, likiwa bado halijafumbua macho, huwachoma makinda ya wenyeji hadi yafe. Huyu ndiye niliyemfanya malaika wa kumfikisha msichana nyumbani. Nilikuwa nimemtoa porini nikamtundika kama picha ukutani.

Nasimulia haya kwa sababu napenda kazi hii ya kuandika kwa moyo wangu wote, na sijui kazi nyingine inayompa mtu ruhusa ya kuuliza maswali mengi namna hii. Fundi seremala huuliza mbao. Mwandishi wa hadithi huuliza mbao, seremala, mti ulikokatwa, ndege aliyekuwa juu ya mti, na bibi aliyesema mti ule usikatwe. Akishauliza, ndipo kazi huanza.

Waliotutangulia waliifanya kwa ustadi wa kustaajabisha, hata pale ambapo majina yao hayakuandikwa. Mwaka 1870 Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha ngano alizosimuliwa na watu wa Unguja. Mojawapo ni kisa cha Sultani Darai. Maskini aitwaye Haamdani anapekua jaani kama kuku, akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumni, ananunua paa. Paa yule anamwokotea almasi, anaipeleka kwa sultani kwa niaba ya bwana wake, anamwozesha bwana wake binti wa sultani, anaua nyoka wa vichwa saba na kumpatia nyumba. Msomaji wa ngano za Ulaya atamtambua mara moja: ni ndugu wa yule paka mwenye viatu ambaye Charles Perrault alimchapisha Ufaransa mwaka 1697. Paka wa Perrault anamaliza akiwa bwana mkubwa, anawinda panya kwa kujifurahisha tu. Msimulizi wa Unguja hakumtaka paka. Alimtaka paa, mnyama wa miguu myembamba, mwenye macho ya kutia huruma, ambaye msikilizaji wake amewahi kumwona akikatiza njiani. Na hakuishia kwenye harusi. Paa anaugua, Haamdani, sasa tajiri, anaagiza apewe uji wa mtama, paa anakufa kwa uchungu na kutupwa kisimani. Sultani mwenyewe anakuja kumlilia. Kisha Haamdani anazinduka, na tazama, yuko jaani, vumbi kichwani, anapekua.

Huo uji wa mtama ndio unaonifanya nivue kofia. Yule aliyekuwa akitafuta punje za mtama jaani ndiye anayemdharau mfadhili wake kwa mtama. Aliyeusuka mwisho huo, awe mtu mmoja au vinywa mia vya barazani, aliijua kazi. Hadithi ya paka imekuwa hadithi nyingine, na haiwezi kurudi tena ilikotoka.

Shaaban Robert alifanya vilevile, naye tunamjua kwa jina. Katika Alfu Lela u Lela mna kisa cha mtu aliyelazimika kuwapiga mbwa wawili kila usiku, na mbwa hao walikuwa ndugu zake. Shaaban Robert akakichukua kisa, na mwaka 1952 kikatoka kama Adili na Nduguze. Lakini mbwa wamekuwa manyani. Mtu anaweza kusoma haraka asilione badiliko hilo. Mimi naona uzito wote umelala hapo. Nyani ana mikono. Nyani anaweza kukutazama kwa uso unaokaribia kuwa wa mtu, na anayempiga anaona kitu kinachofanana naye kikijikinga kwa viganja. Kwa mkulima wa huku kwetu, tena, nyani ni mwizi wa mahindi. Fimbo juu ya mgongo wake haishangazi mtu. Kwa hiyo msomaji anaanza kwa kukubali pigo, halafu anasita, halafu anauliza. Mbwa wasingempa njia hiyo. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kwamba mwandishi abaki kwenye ngano za kwao tu. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, alikopa kwa Waarabu bila haya yoyote, na akalipa kwa kitu alichokijua kwa macho yake.

Kulipa, naam. Hapo ndipo nawiwa na Aniceti Kitereza wa Ukerewe kuliko mwandishi mwingine yeyote. Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akasomeshwa na wamisionari, akajua Kilatini na Kijerumani, na angeweza kuandika kwa namna yoyote ambayo ingewapendeza waliomsomesha. Akachagua Kikerewe. Mwaka 1945 alikuwa amemaliza riwaya ndefu ya mume na mke wanaopendana na wanaotaabika kupata mtoto: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakuna aliyekubali kuichapisha katika lugha ya kisiwa kimoja. Uzeeni akaitafsiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Alikuwa ameingoja miaka thelathini na mitano.

Wapo wanaolalamika kwamba kitabu kile kinakwenda polepole. Myombekere anatakiwa alipe pombe ya ndizi kwa wakwe zake ndipo mkewe arudi, na Kitereza harukii siku ya malipo. Ndizi zitakatwa, zitavundikwa, zitakamuliwa. Utajua nani anaitwa kusaidia na anaitwaje, wageni wanaamkiana vipi, dawa inachimbwa wapi, samaki wanavuliwa kwa nini. Nilipokisoma mara ya kwanza nami nilichoka. Mara ya pili nilikuwa nimeshatoka Sikonge, na nikaelewa kwamba ule polepole ndio nta. Mtu aliyependa watu wake anawarudishia kila walichompa, kipande kwa kipande, mahali peupe ambapo kila mtu ataona. Yeye na mkewe walikuwa wamezika watoto wao wakiwa wadogo. Myombekere anapokaa mlangoni peke yake, nyumba iko kimya, jiko halijawashwa, mwandishi hakuhitaji kubuni ukimya ule.

Ukerewe ileile imetupa Euphrase Kezilahabi na Gabriel Ruhumbika. Ruhumbika ndiye aliyeihamishia riwaya ya Kitereza katika Kiingereza. Kisiwa kimoja cha Ziwa Viktoria! Sidhani ni maji ya ziwa. Nadhani ni kwamba Kitereza aliwaonyesha kuwa jina la mti wa nyumbani linaweza kuandikwa bila kuombewa radhi.

Ninapokaa na vijana wanaoanza kuandika, naona haraka ileile niliyokuwa nayo. Wanataka jini, wanataka mbuyu, wanataka bibi kikongwe na kibuyu chake, kwa sababu wamesikia kwamba ngano ni hazina. Nawauliza: mbuyu huo unachanua saa ngapi? Wananitazama. Maua ya mbuyu hufunguka jioni, popo huyazuru usiku, na siku inayofuata ua limenyauka na kuanguka. Sasa mtu akitupa miadi chini ya mbuyu, tayari ana saa mkononi, ana harufu nzito inayowavuta popo, ana kitu cheupe kinachodondoka kwenye bega la mpenzi aliyechelewa. Sikumwongezea hata neno moja la kubuni. Nilimwomba tu atazame.

Na kwa watu wasio wa kwao nawaomba zaidi. Ukitaka kumwandika Mhadza, usianze na upinde. Anza na lile linalokusumbua, kama ile nta inayochomwa, na usiliache mpaka uelewe kwa nini mtu mwenye akili timamu na moyo mwema anaichoma. Kama huwezi kufika Eyasi, msome aliyefika, halafu umsome aliyempinga. Mimi mwenyewe jambo hilo bado linanitesa, maana nililelewa kumhesabu anayenyima kuwa mchoyo, na sasa inanibidi niandike mnyimaji ambaye si mchoyo.

Hadithi yangu nimeianza upya. Msichana bado amepotea kwenye miombo na jua bado linatua. Mlembe anakuja, anaita kama kiberiti kinachotikiswa, na msichana anamfuata akiamini anapelekwa kwao. Hapelekwi. Anafika chini ya mninga, anasikia mvumo wa nyuki ndani ya shina, ndege yuko juu ya tawi amenyamaza, anamtazama. Wote wawili wana njaa. Msichana hana moto, na shoka liko nyumbani, chini ya kitanda cha babu yake.