Mbegha Alikuwa Mtu wa Namna Gani?

Kwa Kiswahili, au kwa Kizigua, swali hilo halimpi taabu mtu wa Handeni wala wa Korogwe. Mbegha aliota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego, na ndugu zake wakamnyima urithi. Akatoka na mbwa wake wa kuwindia, akakaa Kilindi, na kijana wa mkubwa wa pale alipouawa na nguruwe mwitu wakiwa mawindoni pamoja, ikambidi akimbie. Akaingia milima ya Usambara, akawagawia watu nyama, akaua simba, na mwisho wenyeji wakamtawaza huko Vugha. Anayeijua hadithi hiyo atakueleza mkono wake ulivyokuwa mwepesi wa kutoa na maneno yake yalivyokuwa matamu, mpaka umwone mtu mzima amesimama mbele yako.

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha tatu swali lilelile kwa Kiingereza, na Mbegha anasinyaa. Anakuwa “a good man”. Mwanafunzi akijikaza sana, anakuwa “clever”.

Kumrudishia Mbegha kimo chake katika lugha ya tatu ni kazi ninayoiheshimu kuliko nyingi zinazofanywa darasani. Nasema lugha ya tatu kwa sababu ndivyo ilivyo katika kata kama Kwaluguru, wilayani Handeni. Mtoto anaongea Kizigua na bibi yake, anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha anaingia sekondari na vitabu vyote, ukiondoa vya Kiswahili, vinageuka Kiingereza. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) wa mwaka 2004, shule za kata zimeisogeza sekondari karibu na nyumbani. Msamiati haukusogea kwa kasi hiyo. Wengi wanapewa orodha ya sifa za wahusika kwa ajili ya mtihani: “kind”, “brave”, “selfish”, “cruel”. Wanaikariri, wanaimwaga kwenye karatasi, na kila mhusika wa kila kitabu anatoka na sura moja.

Mwalimu mmoja wa upande huo, ambaye kazi yake naifuatilia kwa upendo, hatoi orodha. Anatoa neno moja la Kiswahili na kuwauliza wanafunzi lina ndugu wangapi upande wa pili. Alianza na mjanja. Ukifungua kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya TUKI iliyotoka mwaka 1996, utaona jinsi maneno yetu mawili, mjanja na mwerevu, yanavyobebeshwa kundi zima la maneno ya Kiingereza. Hapo ndipo wengi wanapopotea: wanadhani kwa kuwa tafsiri ni moja, basi maneno ni yaleyale. “Cunning” ana jambo analolificha, na anayemwita hivyo anakuonya. “Sly” hutenda kwa kuibia, na hapendwi. “Crafty” ana mbinu, na huenda ukamcheka kwa kumkubali. “Shrewd” huwapima watu na hali, hakosei hesabu, na mfanyabiashara ukimwita hivyo umemsifu. “Astute” yuko jirani hapo, ila huyu husifiwa zaidi kwa kusoma mambo ya siasa na madaraka.

Sasa rudi kwa mwindaji wetu, anayegawa nyama kwa watu wanaoitamani. Ukiandika kwamba alikuwa “generous”, umeutazama mkono wake. Ukiandika “shrewd”, umeitazama akili yake, na umesema kwamba alijua nyama ile itamfikisha wapi. Ukiandika “cunning”, umemshitaki, na sasa unadaiwa ushahidi. “Madam, je, hawezi kuwa vyote viwili?” aliuliza msichana mmoja. Anaweza, akajibiwa, lakini uonyeshe ni pale gani katika hadithi. Darasa likaanza kubishana juu ya Mbegha kwa Kiingereza, na mabishano yale hayakuwa na haja ya kuchochewa, maana kila mmoja alikuwa na upande wake.

Nadhani siri ya fundi huyu ni hiyo. Neno gumu halifundishwi kwa maana yake tu. Hufundishwa kwa kumvika mtu ambaye mwanafunzi tayari anamjua ndani nje, kisha kuangalia kama linamkaa au linambana.

Bertrand Russell, mwanafalsafa wa Uingereza, aliwahi kuonyesha jambo hili redioni BBC mwaka 1948, kwa kunyambua sifa moja kama tunyambuavyo kitenzi: mimi nina msimamo, wewe ni mbishi, yule ni kichwa ngumu. Tabia ni moja, ila kila neno lina umbali wake kutoka kwa msemaji. Kiingereza kimejaza maghala kwa maneno ya namna hii. “Resolute”, “persistent”, “stubborn”, “obstinate”: ukipanda ngazi hiyo, mtu hajabadilika hata kidogo, aliyebadilika ni anayemtazama. Mwenye msamiati mpana ana mahali pengi pa kusimama, na akichagua neno anakuwa ametuonyesha amesimama wapi.

Nilipata kuliona daftari la mmoja wa wanafunzi hao. Ni kaunta buku ya kawaida, jalada lake limefunikwa kwa gazeti. Kila ukurasa una neno moja juu na mistari miwili iliyochorwa kwa rula kwenda chini. Kushoto: nani ningemwita hivi. Katikati: nani nisingemwita hivi, ingawa wengine wangemwita. Kulia: nimelikuta wapi. Ukurasa wa “frugal” ulikuwa na bibi yake mzaa mama upande wa kushoto, na maelezo mafupi kwamba huhesabu vipande vya kuni lakini mgeni hakosi chakula. Katikati aliandika jina la ukoo la mwenye duka, likafutwa, likaandikwa tena na alama ya kuuliza. Ukurasa wa pili ulikuwa “stingy”, na mwenye duka alikuwa amehamia huko. Msichana wa miaka kumi na sita alikuwa ametenga mwekevu na bahili kwa lugha ya watu wengine, na kwa haki kabisa.

Safu ile ya kulia nayo ina maana yake. Neno la Kiingereza hutembea na wenziwe: “bitter” hupenda kukaa na “enemy”, “staunch” hupenda “supporter”. A. S. Hornby aliyaona hayo akifundisha Wajapani, akatunga kamusi iliyotoka Tokyo mwaka 1942, mama wa ile Oxford Advanced Learner's ambayo imefika mpaka kwenye makabati ya shule zetu. Aliyejua maana ya neno asijue jamaa zake atatunga sentensi isiyo na kosa la sarufi, na bado msomaji atakunja uso.

Kuna jambo moja ambalo watoto wa Kibantu wanalipata upesi, na walimu wengi hawalitumii. Sisi tumezaliwa tukijua kwamba shina moja huzaa: sema, semesha, msemaji, usemi, msemo. Kiingereza cha juu, kile cha Kilatini kinachotisha, kimejengwa kwa tabia hiyohiyo. “Animus” ni moyo au roho, “magnus” ni kubwa, basi “magnanimous” ni mwenye moyo mkubwa, anayeweza kulipiza na akasamehe. “Unanimous” ni watu wenye roho moja. “Pusillanimous” ni mwenye kiroho kidogo, mwoga wa kudharauliwa. Mwanafunzi aliyeonyeshwa shina hilo haogopi tena neno refu, analibomoa akatazame ndani. Kwa kweli nashangaa tunavyowapa watoto hawa Kiingereza kama kitu kigeni kabisa, hali nusu ya ufundi wake wanao tayari mdomoni.

Wala wasidhani kwamba upungufu uko upande wetu siku zote. Kiingereza kina “proud” moja, na humo humo wanakaa mama anayejivunia mwanawe na tajiri asiyewaitikia watu salamu. Sisi tuna fahari, tuna kiburi, tuna majivuno, tuna maringo, na hakuna anayeyachanganya. Na muungwana? Ukimwita “gentleman” umemvua nusu ya nguo zake. Fundi wa kweli, akifika hapo, hatafuti tena neno moja. Anatunga sentensi nzima, na sentensi ile huwa bora kuliko kivumishi chochote.

Ufundi huu una mizizi mirefu katika nchi hii. Mwaka 1906 ilichapwa London kamusi ya Kizigua–Kiingereza ya W. H. Kisbey, mmisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliyekuwa ameshatoa kitabu cha mazoezi ya Kizigua mwaka 1897. Jalada lina jina la Kisbey, lakini kamusi haiandikwi bila wazee wa kuulizwa: na huyu tunamwitaje, na yule aliyefanya vile? Kila neno la tabia ya mtu lililoingia mle lilipita kwanza kwa Mzigua aliyekuwa na subira ya kufafanua. Kisha kuna “Habari za Wakilindi” ya Abdallah bin Hemedi, yenye hadithi ya Mbegha, iliyochapwa kwanza Magila enzi za Wajerumani na kutolewa upya mwaka 1962. Mwaka uliofuata ikatoka kwa Kiingereza kama “The Kilindi”, kwa mkono wa J. W. T. Allen. Kila alipofika kwa Mbegha, Allen alikabiliwa na uamuzi uleule unaowakabili wanafunzi wa Handeni. Ningependa kila sekondari ya Handeni, Kilindi na Korogwe iwe na vitabu hivyo viwili, cha Kiswahili na tafsiri yake ya Kiingereza, kwenye rafu moja, vifunguliwe bega kwa bega.

Kueleza mawazo ni kugumu zaidi kuliko kueleza watu, maana wazo halina bibi wa kulipima. Nyerere alipoandika juu ya ujamaa kwa Kiingereza mwaka 1962, alikuwa na neno “socialism” tayari mkononi, ila hakuridhika nalo peke yake, akasema ujamaa ni “familyhood”. Alilijua vizuri lile neno la kwanza na safari yake ya Ulaya, na alitaka msomaji aanzie nyumbani. Katika miaka iliyofuata aliwaweka Juliasi Kaizari na mabepari wa Venisi wa Shakespeare katika Kiswahili. Mtu aliyekesha akitafuta namna ya kumsemesha Bruto kwa lugha yetu hawezi kuwa mzembe wa maneno katika lugha nyingine.

Shuleni, mahali pa kujifunzia haya ni kwenye mdahalo. Kwa kawaida mchangiaji husimama, akasema hoja ya mwenzake ni “bad”, akaketi. Mwalimu wangu huyu haruhusu “bad”. Hoja inaweza kuwa “plausible”, yaani ukiisikia unashawishika, ila haijathibitishwa. Inaweza kuwa “sound”, imesimama kwenye msingi. Inaweza kuwa “far-fetched”, imeletwa kutoka mbali mno. Inaweza kuwa “simplistic”, ambalo ni lawama, wakati “simple” huweza kuwa sifa. Mara ya kwanza mdahalo ulikuwa mfupi kwa sababu kila mtu alikuwa akifikiri kabla ya kusimama. Mvulana mmoja alimwambia mpinzani wake kwamba hoja yake ni “plausible”, akatulia, kisha akaanza kueleza kilichokosekana. Mpinzani alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo asingelifanya kama angeanza kwa kuambiwa ni mbaya.

Paul Nation, mtafiti wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba msomaji wa riwaya au gazeti la Kiingereza huhitaji kujua familia za maneno 8,000 hadi 9,000 ili asome bila kusaidiwa. Hakuna mwalimu atakayeziandika ubaoni zote. Nyingi hupatikana kwa kukutana nazo tena na tena katika kusoma, na kusoma huhitaji vitabu. Pale vilipo vichache, fundi huvisoma upya. “Hawa the Bus Driver” na “Mabala the Farmer” vya Richard Mabala, vilivyosomwa miaka mingi katika kidato cha kwanza na cha pili, huyu mwalimu huvirudia kidato cha tatu, safari hii kwa maneno mengine. Mabala anayekwenda kulima asiyekijua kilimo: je, ni “ignorant”, au “naive”, au “overconfident”? Kitabu ni chembamba, wanafunzi wanakijua, kurasa zimelegea. Juzi walikaa juu ya swali hilo kipindi kizima, wakakiomba na kinachofuata.