Tokooos ya Fally Ipupa: lugha ilihukumiwa, nyimbo zikasahaulika

Kila mara Fally Ipupa anapotoa albamu, vijana wa Bunia tunagawanyika. Kuna Warriors, ambao kwao Fally hana kosa. Kuna na wale wa Ferre Gola, ambao kwao Fally hana wimbo. Hiyo tumeizoea. Lakini kuna albamu moja iliyogawa hata Warriors wenyewe: Tokooos, iliyotoka Julai 2017. Mpaka leo, ukiitaja pale wanapochajia simu Mudzipela ao kwenye kiwanja cha chuo, utasikia hukumu ileile: "Ile haiko rumba, yaya. Pale aliimbia bazungu." Mimi naona hukumu hiyo iko nusu ya kweli. Na nusu ile ingine inatuumiza sisi wenyewe huku Ituri.

Tuanze na mambo yanayojulikana. Fally alizaliwa Kinshasa mwaka 1977. Aliingia Quartier Latin ya Koffi Olomide mwaka 1999, akatoka na kutoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, Droit Chemin, mwaka 2006. Ikafuata Arsenal de belles mélodies mwaka 2009, kisha Power mwaka 2013. Watu wanasahau kwamba tayari mwaka 2009 alimwalika Olivia, mwimbaji wa Marekani aliyepitia kundi la G-Unit. Kuchanganya rumba na muziki wa ng'ambo hakukuanza na Tokooos. Mbele alikuwa anatia kidogo kama chumvi, na mwaka 2017 akaifanya kuwa chakula chenyewe.

Jina Tokooos limetoka kwa neno la Kilingala "kitoko", yaani uzuri. Albamu ilitoka chini ya Warner ya Ufaransa, na wageni wake walionyesha soko lililotafutwa: Booba katika "Kiname", R. Kelly katika "Nidja", na Aya Nakamura katika "Bad Boy", mwaka mmoja mbele ya "Djadja" kumfanya ajulikane kila mahali. Nyimbo zikawa fupi na Kifaransa kikaongezeka. Sebene ndefu, ile inayotuinua kwenye viti katika sherehe za ndoa, karibu haionekani.

Mashabiki walilalamika mambo matatu: lugha, sebene na wageni. Tuyapime moja moja, maana mara nyingi yanatupwa ndani ya gunia moja.

Lugha kwanza. Mtu wa Kinshasa akisema "Fally ametuacha sababu anaimba Kifaransa", namuelewa. Kilingala iko lugha ya nyumba yake. Lakini sisi wa Bunia tuseme ukweli. Nyumbani tunasema Kiswahili, na kila mmoja na lugha ya wazazi: Kihema, Kilendu, Kialur, Kilugbara, Kinande na zingine. Kilingala kilitufikia pamoja na askari na muziki. Wangapi wetu tulicheza Droit Chemin nzima bila kuelewa nusu ya maneno? Halafu msomi aliyeandika TFC yake kwa Kifaransa ananiambia Kifaransa cha "Bad Boy" kimemfungia mlango! Fally hakuacha lugha yetu, maana kwa kawaida hakuwa anaimba katika lugha yetu. Lalamiko hili tulilipokea kutoka Kinshasa likiwa limekwisha kushonwa, tukalivaa bila kupima kama linatutosha.

Sebene ndiyo nusu ya kweli. Rumba ya Kongo inafanya kazi kwa muda. Sauti inaanza polepole, inakusimulia huzuni yake, halafu magitaa yanafungua mlango na mwili unajibu kile moyo ulisikia. Ukikata wimbo kwa kipimo cha redio za Paris, unaondoa ile safari. Hapo mashabiki walisikia vizuri, hata kama walieleza vibaya. Waliposema "haiko rumba", naona walitaka kusema "hatukupewa muda wa kufika".

Lakini ufupi peke yake hauko kosa, na ushahidi uko ndani ya albamu hiyohiyo. "Eloko Oyo" iko fupi, na hakuna harusi ya Bunia ya miaka ile ambayo haikuipiga. Kichwa chake kinamaanisha "kitu hiki", maneno ya kawaida kabisa, na mdundo unakushika tangu mwanzo. Pale Fally hakukata rumba ndefu ili aiingize ndani ya kisanduku kidogo. Alitoa wimbo uliopangwa kuwa mfupi. Tofauti hiyo ndiyo mkosoaji angepaswa kuonyesha, na wachache sana walionyesha.

Hata wageni tusiwaweke wote mahali pamoja. Katika "Bad Boy", Fally na Aya wanajibizana. Sauti yake laini ya juu inabembeleza, ya Aya inamkazia, na wimbo unapata hadithi. Katika "Nidja", mimi nasikia watu wawili walioimba bila kukutana. Ondoa mmoja, wimbo haupungui kitu. Jina la R. Kelly lilikuwa kwenye orodha ili lionekane. Leo, baada ya mahakama ya New York kumkuta na hatia mwaka 2021 na kumpa miaka 30 ya gereza mwaka uliofuata, wimbo huo umekuwa mzigo. Lakini udhaifu wake wa muziki ulisikika tangu siku ya kwanza.

Kuna na faida ambayo mashabiki hawakuihesabu. Kwenye Tokooos mabanga yamepunguka sana. Wote tunajua mabanga: yale majina ya matajiri na wakubwa ambayo mwimbaji anayatupa katikati ya wimbo kama majiwe, mara nyingi kwa malipo. Tulizoea wimbo wa mapenzi kusimama ili tusalimiwe mkubwa fulani wa forodha. Hapa Fally aliimba bila kutuuzia majina mengi ya watu. Wale wanaolilia "rumba ya kweli" waseme kama wanalilia na hayo.

Tena, Fally hakuwa wa kwanza. Mwaka 1995 Papa Wemba alitoa Emotion kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel, na ndani yake akaimba hata wimbo wa Otis Redding. Wemba alitafuta njia ya kuhudumia watu wawili: Viva La Musica kwa watu wa nyumbani, Molokai kwa watu wa ng'ambo. Fally alifanya karibu vilevile, ila kwa albamu badala ya makundi. Baada ya Tokooos alitoa Control mwaka 2018, ndefu, yenye rumba, na mashabiki wakapiga kelele: "Amerudi!" Mwaka 2020 akatoa Tokooos II, na mwaka 2022 Formule 7. Ukiangalia mstari wote, utaona mtu mwenye maduka mawili, anayejua nani anaingia wapi. Tunaweza kukosoa bidhaa za duka moja bila kusema mwenye duka ametoroka.

Tukumbuke na wakati wenyewe. Miaka ile, wale wanaojiita combattants, Wakongo wa Ulaya waliokuwa wanazuia wanamuziki wa nyumbani kwa sababu za siasa, walikuwa wamefunga majukwaa ya Paris. Konseri ya Fally pale La Cigale, Juni 2017, ilikatazwa na polisi kwa ajili ya usalama. Yaani albamu iliyotengenezwa kwa soko la Ufaransa ilitoka wakati mwenyewe hawezi kusimama vizuri mbele ya soko hilo. Alipofika Bercy Februari 2020, moto uliwaka karibu na Gare de Lyon. Anayesema Tokooos ilikuwa njia rahisi ya pesa aingize na jambo hilo katika hesabu yake.

Sasa, hii inatuhusu nini Bunia? Inatuhusu sababu tuko na vijana wanaorekodi hapa kwetu, katika vistudio vya chumba kimoja, umeme ukikubali. Wakiimba Kiswahili, tunawaambia wamefuata Watanzania. Wakiimba Kilingala, tunasema wanaiga Kinshasa. Wakitia Kifaransa, wanajidai. Ni hukumu ileile ya Tokooos: tunapima lugha, tunapima kambi, tunahesabu watazamaji wa YouTube, halafu wimbo wenyewe hakuna anayeusikiliza mpaka mwisho. Fally anaweza kuvumilia hukumu kama hiyo, maana anajaza Stade des Martyrs. Kijana wa Nyakasanza mwenye nyimbo tatu kwenye kadi memori hawezi.

Kwangu, Tokooos iko albamu ya katikati: wimbo mmoja mkubwa, miwili mitatu mizuri, na mingine iliyotengenezwa kwa orodha ya majina. Nani anakataa, karibu tubishane. Ila kila mtu alete wimbo na aseme dakika gani ulimshika ao ulimpoteza. Majina ya kambi tuyaache mlangoni.