Anayetangulia Bunduki

Katika uwindaji, sifa humwendea aliyefyatua risasi. Picha ni yake, pembe zitakazotundikwa ukutani ni zake, na hadithi itakayosimuliwa sebuleni kwa miaka ni yake pia. Mimi nataka kumsifu mtu mwingine: yule anayetembea mbele ya bunduki akiwa na fimbo tu mkononi na macho yake ardhini, ambaye kambini huitwa traka. Bila yeye, bunduki ya bei yoyote ni mzigo wa kubebwa juani.

Arusha inamjua mtu huyu, ingawa haimtaji. Mji huu umekula na kusomesha watoto kwa fedha za safari za porini tangu enzi za ukoloni, na hadi leo magari ya kwenda kwenye vitalu vya uwindaji hupakia hapa mahema, mafuta na magunia ya vitunguu. Ukishika barabara ya Namanga, Mlima Meru wenye mita 4,566 unakusindikiza upande wa kulia. Mashariki ya mlima kuna Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960, ambako kuwinda ni marufuku na nyati hutazama magari bila hofu. Lakini ukipita Oldonyo Sambu na kuteremka kaskazini, mashamba yanakoma. Inaanza nchi ya migunga, ya swala granti, pundamilia, choroa na pofu, na ya vumbi laini lililozaliwa na majivu ya volkano za zamani. Vumbi hilo hutesa mapafu na injini. Kwa traka, hakuna udongo bora zaidi.

Niliingia nyika hiyo kwa mara ya kwanza na kundi la wawindaji kwa mwaliko wa binamu yangu, dereva wa kambi. Kwa mgeni aliyelipia safari nako ilikuwa mara yake ya kwanza Afrika. Kulikuwa na mwindaji bingwa mwenye leseni na askari wa wanyamapori, maana sheria haimruhusu mgeni kuwinda bila kusimamiwa. Na kulikuwa na mzee mmoja wa Kimaasai, mwembamba, amevaa katambuga. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa tayari yamepita chini ya gari, yakitazama barabara tuliyotoka.

Kazi yake huanza mapema kwa sababu ya jua. Jua likiwa chini, ukingo wa kila alama hutupa kivuli, na traka hujipanga ili alama iwe kati yake na mwanga. Saa sita mchana, jua likisimama utosini, alama ile ile inakuwa kama imefutwa. Kisha kuna umande. Alama iliyokanyagwa usiku huwa imepigwa na umande, uso wake umeshikana na kuwa na ukoko mwembamba. Iliyokanyagwa baada ya kupambazuka imevunja ukoko huo na kufunua vumbi kavu. Kuna sisimizi pia: wakishafungua mlango wao ndani ya alama, mnyama huyo ameshakwenda zake. Upepo nao hulegeza kingo, chembe moja baada ya nyingine, na kingo zikishabomoka muda umepita. Hakuna saa mkononi mwa mzee yule, lakini alisema pofu walipita wakati sisi tunakunywa chai, na hakuwa anabahatisha.

Alama hizo zilikuwa mahali ambapo ng'ombe wa vijiji hupita kila siku kwenda kunywa maji. Pofu ni mnyama mkubwa. Dume hufika kilo mia tisa, na kwato zake na za ng'ombe zinakaribiana kiasi kwamba mtu wa mjini angeapa kuwa ni ng'ombe. Mzee alichuchumaa. Hakugusa kitu. Aliweka ncha ya fimbo kando ya alama moja, akaisogeza hadi ya pili, akasimama.

"Ng'ombe wa huku hatembei peke yake, mwanangu," aliniambia. "Kiatu cha mchungaji kiko wapi? Mbwa yuko wapi?"

Nilitazama. Hapakuwa na alama ya katambuga wala ya mbwa. Hatua chache mbele palikuwa na kinyesi, vidonge vidonge, wala si bapa la ng'ombe. Mbele zaidi tawi la mgunga lilikuwa limevunjwa juu kuliko kimo cha mtu, kwa kuwa pofu hutumia pembe zake kuyashusha majani asiyoyafikia kwa mdomo. Mzee alibana pale palipovunjika kwa kidole gumba na kutuonyesha: bado palikuwa na utomvu. Kutoka hapo hakuna aliyesema kwa sauti.

Mimi nilidhani traka anafuata alama moja moja, kama mtu anayehesabu vidole. La hasha. Mzee aliinua macho mara nyingi kuliko alivyoyainamisha. Alisoma alama mbili tatu, akatazama mbele, akaamua pofu wale wanataka nini: kivuli, chumvi, maji, au kukimbia upepo wetu. Halafu alikwenda moja kwa moja hadi mahali ambapo, kama mawazo yake ni sahihi, alama nyingine lazima iwepo. Ilikuwepo. Isipokuwepo, hurudi kwenye ile ya mwisho aliyoiamini na kuanza upya bila aibu. Mara kwa mara alitikisa kitambaa kidogo chenye majivu, tukaona wingu lake jembamba likielea nyuma yetu, ishara kwamba upepo bado uko upande wetu. Na hakukanyaga alama hata moja. Alitembea pembeni yake muda wote, ili kama kuna haja ya kurudi kuisoma tena, aikute.

Tuliwasikia pofu kabla ya kuwaona. Magoti yao hutoa mlio wa kukatika wanapotembea, mkavu, kama kijiti kinachovunjwa. Mgeni alipiga. Dume alishtuka, akaondoka na wenzake, na vumbi likabaki peke yake.

Methali inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nyikani ni kinyume chake. Mnyama aliyejeruhiwa akifukuzwa mara moja hupata nguvu za hofu na kwenda mbali. Mzee alituketisha chini. Alipoinuka alikwenda mahali dume aliposimama, akachukua jani lenye damu na kulinyanyua kwenye mwanga. Damu ilikuwa nyekundu hafifu, yenye povu. Hiyo ni ya mapafu, na mnyama hafiki mbali. Ikiwa nyeusi nzito, ni ya ini. Ikichanganyika na majani mabichi yaliyotafunwa, risasi imepita tumboni, na hapo siku inakuwa ndefu na chungu kwa kila mwenye moyo. Tulifuata matone hadi yakakoma. Mzee alichomeka fimbo yake kwenye tone la mwisho, akatuacha pale, akaanza kuzunguka kwa duara linalopanuka, taratibu, bila kukata tamaa na bila haraka. Upande wa chini wa jani moja la nyasi alikuta doa dogo kuliko punje ya mtama. Dume alikuwa nyuma ya kichuguu, amekwisha kufa.

Hapo ndipo nilipoielewa heshima ya kazi hii. Mwindaji anaweza kumjeruhi mnyama kwa sekunde moja. Anayemwondolea mateso ya siku tatu ni yule anayejua kumtafuta. Sheria inakataza kupiga ukiwa ndani ya gari na kuwinda usiku, na ni vizuri. Lakini hakuna kifungu kinachoweza kuona doa chini ya jani. Hilo linahitaji mtu.

Ufundi huu ni wa kale kuliko tunavyoweza kuwazia, na baadhi ya nyayo za kale za kusomwa ziko mkoani humu humu. Laetoli, kusini mwa Bonde la Olduvai, majivu ya volkano yaliyoloana mvua yalihifadhi nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita. Timu ya Mary Leakey ilizifukua mwaka 1978, njia ya karibu mita 27. Kando yake kuna alama za wanyama na ndege, hata vishimo vya matone ya mvua. Na jicho la traka linafaa kwa nyayo za kale pia: mwaka 2013 wasoma nyayo watatu wa Kijuǀ'hoansi kutoka Namibia walipelekwa Ufaransa, kwenye mapango yenye nyayo za watu wa zama za barafu. Wataalamu walikuwa wamezipima kwa miaka mingi. Wageni hao waliingia na taa, wakazitazama, wakataja nani alikuwa mtu mzima na nani kijana. Louis Liebenberg wa Afrika Kusini alikwisha kuandika mwaka 1990 kwamba huenda sayansi yenyewe ilianzia hapa, kwa mtu aliyeona alama, akakisia, akaenda kuhakikisha. Baada ya kutembea nyuma ya mzee yule, naamini hivyo.

Na bado tunawasahau. Ernest Hemingway aliwinda nchi hii mwaka 1933 hadi 1934, akapita Manyara na Babati, na kitabu chake cha mwaka 1935 kimesomwa dunia nzima. Waliomtangulia porini, M'Cola na yule aliyepewa jina la utani Droopy, wamebaki humo kwa majina ambayo hatujui kama mama zao wangeyatambua.

Wapo wanaotaka uwindaji wa kitalii ukome kabisa. Tanzania iliufunga mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978. Kenya iliufunga mwaka 1977 na haijaufungua. Mjadala huo uendelee. Lakini hata bunduki zote zikinyamaza, tutamhitaji traka: kumfuata jangili, kumtafuta faru aliyeumia, kumwonyesha mtafiti simba alilala wapi. Ufundi wake hautegemei risasi. Unategemea kijana anayekubali kutembea nyuma ya mzee kwa miaka, na vijana hao wanapungua, kwa sababu bodaboda inalipa leo na nyayo zinalipa baadaye, tena kidogo.

Afrika Kusini imekuwa ikiwapima na kuwapa vyeti wasoma nyayo tangu mwaka 1994, wakiwemo wasiojua kuandika, kwa mtihani unaofanyika porini mbele ya alama yenyewe. Sisi tuna Chuo cha Mweka, kilichofunguliwa mwaka 1963, na tuna Pasiansi kule Mwanza. Tuwaite wazee wa Longido, Simanjiro na Eyasi wafundishe huko, walipwe kama walimu wengine, na wanafunzi wao wapewe cheti chenye thamani kwenye mshahara. Na wewe unayekwenda nyikani kwa mara ya kwanza, iwe na bunduki au na kamera, ukipiga picha mwite traka asimame katikati, na uandike jina lake kamili kama anavyolitamka mwenyewe.