Ramani kama Matini: Wasimulizi katika Ramani ya Erhardt na Rebmann

Ramani kongwe za Afrika aghalabu husomwa kama kumbukumbu za maarifa ya Wazungu peke yao. Usomaji huo hautoshi. J. B. Harley alikwisha kudai mwaka 1989 kwamba ramani ni matini, nayo husomwa kwa yale inayoyasema na yale inayoyanyamazia. D'Anville, katika ramani yake ya 1749 iliyochongwa juu ya bamba la shaba, alifuta yote asiyokuwa na hakika nayo, akaacha sehemu kubwa ya bara nyeupe. Uaminifu huo wa mtaalamu, waliokuja baadaye waliusoma kama nchi isiyo na wenyewe.

Ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann, iliyochapishwa mwaka 1856, ilijaza weupe huo kwa ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Ilichekwa sana. Hata hivyo, chimbuko lake lilikuwa masimulizi. Mwaka 1854 Erhardt alikaa Tanga akiwahoji watu wa misafara. Kwa kuwa waliofuata njia mbalimbali wote walitaja maji makubwa, alihitimisha kuwa maji hayo ni mamoja.

Je, wasimulizi walidanganya? La hasha. Kila mmoja alieleza kweli ya njia yake: kuna Nyanza, kuna Tanganyika, kuna Nyasa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atalitambua kosa hili mara moja, kwani ni la mkusanyaji aliyeshona visa vitatu kuwa kisa kimoja.

Burton na Speke walipotumwa kuchunguza, sahihisho nalo lilitokana na kusikiliza. Huko Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir aliwafahamisha kuwa ziwa lile ni matatu, kabla hawajaona hata moja. Mwaka 1858 Speke alilifikia Nyanza, akalipa jina la malkia wake.

Si kwamba sauti za misafara zilikuwa safi. Zilikuwa sauti za biashara ya pembe na watumwa, na wenyeji wa maziwani wamenyamazishwa humo pia. Kazi ya mhakiki basi si kumtukuza msimulizi, bali kuuliza, mbele ya kila mstari wa ramani, ni nani aliyesema na ni nani aliyetia sahihi.