Maombi ya Pili ya Udaktari: Hesabu Mbili kutoka Ngara na Biharamulo

Kati ya vijana wanaoomba udaktari wakakosa, wamo ambao hawakulitimiza sharti, na wamo ambao walilitimiza lakini wakatokea wenzao waliolitimiza kwa ziada. Na kwa kuwa jibu linalowafikia wote ni lile lile, yaani jina kutoonekana katika orodha ya waliochaguliwa, aghalabu makundi haya mawili hutenda jambo moja, nalo ni kuyachukua maombi ya kwanza kama yalivyo na kuyapeleka katika vyuo vingine. Nimezitazama kwa karibu karatasi za waombaji wawili waliokosa mwaka mmoja, binti wa Ngara na kijana wa Biharamulo, na muradi wa makala haya ni kueleza jinsi kila mmoja alivyoamua mahali pa kuyaelekeza maombi yake ya pili, na kwa nini tadbiri iliyomfaa mmoja isingemfaa mwenzake hata chembe.

Sharti lenyewe si la siri. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo kila mtu huiita TCU, hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo, na ndani yake kila programu ina mstari wake: namba ya programu, sifa za kuingilia, pointi za chini, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Kwa shahada ya udaktari wa binadamu, ambayo ni ya miaka mitano ikifuatwa na mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, mhitimu wa kidato cha sita hutakiwa awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa jumla ya pointi zisizopungua 6, katika hesabu ambayo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kiasi hicho ndicho Muhimbili, ndicho Bugando, ndicho Dodoma, na aliyepungukiwa na pointi moja kwa chuo kimoja amepungukiwa nayo kwa vyote. Wala hakuna safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi, au kutoka Moshi kwenda Mbeya, itakayoizidisha.

Binti wa Ngara alikuwa na C ya Kemia, C ya Baiolojia na D ya Fizikia, jumla pointi 8. Alikuwa amelivuka sharti kwa pointi 2, na hiyo ziada ndiyo iliyomghilibu, kwa maana alidhani kwamba anayestahili kuomba anastahili kupata. Katika awamu ya kwanza aliomba vyuo vitatu, vyote vyenye sifa kubwa na ada nafuu, akivichagua kwa kigezo ambacho karibu kila nyumba wilayani hukitumia, yaani chuo ambacho jina lake limesikika redioni tangu zamani. Laiti angeyatazama maombi yake kwa jicho la mwombaji mwenye pointi 13, ambaye naye ana redio nyumbani kwao na naye hapendi ada kubwa, angetambua kwamba amejipanga nyuma ya watu wale wale mara tatu.

Alipokosa, baba yake alimwendea mwalimu aliyekuwa akimsaidia, akamwambia, “Mwalimu, safari hii mwandikie Bugando. Huko ndiko tunakopelekwa hospitali yetu ya Murgwanza wakishindwa, watatufahamu.” Kauli hiyo ina mantiki yake. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima chake pale Mwanza, ni hospitali ya rufaa ya kanda ya ziwa, na chuo kilichoambatana nayo, kilichoanza mwaka 2003, ndicho chuo cha udaktari kilicho karibu zaidi na mtu wa Ngara anayesafiri ndani ya nchi. Lakini ukaribu hupunguza nauli, haupunguzi pointi za aliyekutangulia. Huko Marekani vyuo vya udaktari vya majimbo huwapendelea wenyeji wa majimbo yao, na mwombaji huitwa kwenye usaili, huulizwa amewahudumia wagonjwa wapi na kwa muda gani, hata ikawa busara kwa aliyekataliwa kuanza upya na chuo cha nyumbani. Kwetu, mhitimu wa kidato cha sita hupimwa kwa matokeo yake ya mtihani. Hata angekuwa amejitolea mwaka mzima kufagia wodi za Murgwanza, fomu ya maombi haina mahali pa kuliandika jambo hilo. Mawaidha mengi ya kigeni juu ya kuomba upya, yanayosomwa na vijana wetu kwa pupa, huharibikia hapa.

Njia ya kwenda Mwanza yenyewe ilikuwa na funzo bora. Wakati huo daraja la Kigongo–Busisi, lililokuja kufunguliwa Juni 2025, lilikuwa bado linajengwa, na magari ya kutoka kwetu kwenda Mwanza kwa njia hiyo yalisubiri pantoni. Dereva aliyefika Busisi akiwa nyuma hakuuliza pantoni ni nzuri kiasi gani. Aliuliza mbele yake yako magari mangapi, na mangapi kati ya hayo yatakata tamaa na kugeuza. Hilo ndilo swali ambalo mwalimu yule alimfundisha binti kuuliza juu ya vyuo, na sehemu yake ya mwisho ndiyo yenye faida zaidi.

Ili jambo hilo lieleweke, yapasa kukumbuka jinsi utaratibu wenyewe ulivyobadilika. Kuanzia mwaka wa masomo 2010/2011 maombi yalipitia katika mfumo mmoja wa TCU, ambamo mwombaji alipanga matamanio yake na mfumo ukampa nafasi moja. Mwaka 2017 maombi yalirudishwa vyuoni, na tangu hapo mtu mmoja huweza kuomba vyuo vingi, akachaguliwa na vinne, akavishikilia viti vinne kwa siku kadhaa ilhali ana mwili mmoja. TCU humtaka athibitishe chuo kimoja kwa namba ya siri inayotumwa katika simu yake, na anapothibitisha, viti vitatu vilivyobaki huwa tupu. Ndipo hufunguliwa awamu ya pili, na vyuo hutangaza programu ambazo zingali na nafasi. Basi katika awamu ya pili mwombaji hushindana na safu iliyopunguka bila yeye kuongeza hata pointi moja. Lakini akisubiri hadi mwaka ujao na pointi zake zile zile, hukuta kidato cha sita kizima kipya kimemtangulia. Wengi huko kwetu hufanya kinyume: hukata tamaa Agosti, na kurudi na matumaini Julai ya mwaka wa pili.

Binti aliketi na daftari la kaunta akapiga mistari mitano. Mstari wa kwanza aliandika chuo. Wa pili, idadi ya nafasi kama ilivyo katika kitabu cha mwongozo. Wa tatu, ada ya mwaka. Wa nne, kama chuo kimetangaza nafasi katika awamu ya pili. Na wa tano, ambao haumo katika kitabu chochote, aliandika ni watu gani hukikimbilia chuo hicho na ni watu gani hukikimbia. Mstari huo wa tano ulijazwa kwa kuulizauliza, kwa kupiga simu kwa waliomtangulia shuleni, na kwa kusoma orodha za waliochaguliwa ambazo vyuo hubandika mtandaoni. Majina aliyoyaandika ni mengi kuliko alivyodhani: mbali na Muhimbili, ambayo shule yake ya udaktari ilianzishwa mwaka 1963, kipindi ambacho kijana wa Tanganyika aliyetaka udaktari alikuwa ametazama Makerere kwa miongo mingi, palikuwa na KCMC ya Moshi, Bugando, Dodoma, Mbeya chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Hubert Kairuki pale Mikocheni, Mtakatifu Fransisko pale Ifakara, chuo cha Kampala kilichoko Gongo la Mboto, na chuo cha taifa cha Zanzibar.

Daftari lilidhihirisha jambo moja ambalo ada ndiyo sababu yake. Ada ya vyuo binafsi ni mara kadhaa ya ada ya vyuo vya serikali, na mkopo wa Bodi ya Mikopo hutolewa kwa kadiri ya uhitaji, nao si lazima uifikie ada yote. Kwa hiyo mwenye pointi nyingi na mfuko mwembamba huchaguliwa na chuo binafsi, hukishikilia kwa tahadhari, kisha hukiachia apatapo cha serikali. Viti vinavyoachwa namna hiyo ndivyo vinavyomngoja mwenye pointi 8. Hii haina maana kwamba vyuo hivyo ni duni; wahitimu wote hufanya kazi chini ya Baraza lile lile la Madaktari, na mgonjwa wa Rulenge huko Ngara hatauliza daktari wake aliingia chuoni kwa awamu ya ngapi.

Aliviondoa vyuo vyake vyote vitatu vya kwanza, akaweka vinne vipya, vyote vyenye nafasi zilizotangazwa. Hapa ninatofautiana naye kidogo. Fomu moja hugharimu aghalabu shilingi 10,000, na kwa kiasi hicho mimi ningebakiza chuo kimoja cha matamanio, almuradi kiwe kimoja. Watu hubadili nia kwa sababu zisizotabirika, na bei ya kujaribu ni ndogo kuliko nauli ya kutoka Kabanga mpakani hadi Ngara mjini na kurudi mara chache. Yeye alisema kwamba fedha za baba yake si zangu, na hoja hiyo sina jibu lake.

Alichaguliwa na chuo kimoja, cha binafsi. Mkopo ulifidia sehemu ya ada, na iliyosalia ikatoka katika kahawa ya baba yake na katika mchango wa shangazi wawili. Niongeze jambo moja dogo lililokaribia kuharibu kazi yote: katika vijiji vya mpakani simu hudakwa na minara ya Burundi na Rwanda bila kubisha hodi, na ujumbe wa kuthibitisha uliweza kuchelewa wakati siku za kuthibitisha ni za kuhesabika. Binti alihamia kwa ndugu Ngara mjini kwa juma zima, akiitia simu chaji katika duka la steshenari lile lile alilojazia fomu.

Walikuwapo waliomshauri aombe uuguzi au maabara, kisha ahamie udaktari akiwa ndani. Shauri hilo lina madhara kwa anayelitegemea, kwa kuwa uhamisho huhitaji mambo mawili kwa pamoja, sifa kamili za programu unayoiendea na nafasi iliyo wazi ndani yake, na udaktari ndio programu ambayo viti vyake huachwa wazi kwa nadra. Anayependa uuguzi na aombe uuguzi. Wengine walitaja vyuo vya Mbarara na Ishaka huko Uganda, na si mbali kwa ramani; ila aendaye nje huhitaji kwanza barua ya TCU ya kutokuwa na pingamizi, na arudipo shahada yake hutambuliwa upya kabla ya kazi.

Kijana wa Biharamulo hakuhitaji daftari lolote la vyuo. Alikuwa na D ya Kemia, D ya Baiolojia na E ya Fizikia, jumla pointi 5, na alikuwa amekwisha kuomba udaktari katika awamu zote za mwaka ule, akibadili vyuo kila mara kwa imani kwamba hajakipata chuo kinachomfaa. Kila shilingi 10,000 aliyoilipa ilinunua jibu lililokuwa limechapishwa kitabuni tangu Julai. Kwake yeye uchaguzi ulikuwa baina ya njia mbili tu: kurudia mtihani wa kidato cha sita akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, au kusoma stashahada ya utabibu miaka mitatu, kisha kuomba udaktari kwa sifa linganishi. Alichagua ya pili, kwa sababu ambayo naiona kuwa ya busara: kama udaktari ungemkwepa daima, angebaki na kazi ya utabibu mkononi, na wilaya yake ina haja ya watabibu. Januari 2025 Biharamulo ilijulikana duniani kwa ugonjwa wa Marburg, uliotangazwa kwisha Machi 13 mwaka huo baada ya watu 10 kufariki, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo na 8 wakidhaniwa; na kijana huyo alikuwa wakati huo darasani, akijifunza hasa jinsi ya kumpokea mgonjwa mwenye homa isiyojulikana.

Lakini njia hiyo ina mtego, na karatasi zake ndizo zilizonifundisha. Mwenye stashahada ya utabibu anayeomba udaktari hutakiwa awe na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, na juu ya hayo awe na angalau D katika cheti cha kidato cha nne kwa masomo matano: Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Kuingia katika stashahada, Hisabati si sharti, bali huhesabiwa kuwa nyongeza njema tu. Kijana alikuwa na F ya Hisabati, iliyolala katika cheti chake miaka yote ya kidato cha tano na cha sita bila kumdhuru kwa lolote, na ingeweza kulala miaka mitatu mingine, akahitimu utabibu kwa GPA ya kujivunia, akaomba udaktari, akakataliwa tena na kila chuo, safari hii kwa somo aliloliacha akiwa na miaka kumi na saba.

Alijiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafanya Hisabati ya kidato cha nne mwezi Novemba akiwa mwaka wa kwanza chuoni, akapata D. Sasa yuko mwaka wa pili, wastani wake uko juu kidogo ya 3.0, na kinachombakia ni mihula michache ya kutouacha ushuke.