Sauti ya Nani katika Faili la Pensheni?

Kitabu cha Regosin na Shaffer, Voices of Emancipation (2008), yaani Sauti za Ukombozi, kimekusanya ushahidi kutoka mafaili ya pensheni ya askari Weusi waliopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861–1865. Mjane aliyeolewa utumwani hakuwa na cheti cha ndoa. Ilibidi majirani waapishwe waieleze ndoa hiyo. Kwa mtafuta ukoo hii ni hazina: majina ya watoto, ya bwana aliyewamiliki, hata jina ambalo askari alilibadili baada ya vita. Hapo tunakisifu. Ila neno “sauti” tunalitilia shaka. Mara nyingi afisa wa pensheni aliyaacha maswali yake, akaunganisha majibu yakawa kama masimulizi. Mjane asiyejua kusoma alisomewa, akaweka alama ya X.