Fidla Haipendi Umbali

Mtu wa Baraka au wa Fizi akitaka kusikia fidla leo, ataisikia wapi? Mara nyingi ni katika simu yake, au arusini, penye kipaza sauti na kinanda cha umeme kinachoiga sauti ya fidla, wala hapana uta wala nyuzi. Kisha husema: “Fidla naijua. Ni chombo cha Wazungu, kazi yake kulialia tu.” Mimi nasema hajaisikia bado, amesikia kivuli chake. Fidla husikilizwa karibu, katika chumba kidogo, mpigaji akiwa hatua chache mbele yetu.

Tutazame kwanza chombo chenyewe. Uzi wa gitaa ukiguswa kwa kidole, sauti huzaliwa mara moja ikaanza kufa. Fidla sivyo. Uta wake umefungwa singa za mkia wa farasi, zikapakwa utomvu mkavu wa mti zipate kuushika uzi. Maadamu uta waenda, sauti yaishi. Tena shingoni mwa gitaa mna vipande vya chuma vya kukionyesha kidole mahali pake. Shingoni mwa fidla hamna kitu. Mpigaji huitafuta sauti kwa sikio lake mwenyewe, na akikosea unywele mmoja, twajua. Ndiyo maana fidla yafanana sana na koo la binadamu. Basi, ni nani amfarijiye mfiwa kwa kumpigia kelele toka ng'ambo ya mto? Humkaribia, akaketi naye.

Nina mifano miwili ya kupima neno hili, mmoja wa magharibi ya nchi yetu, mwingine wa pwani ya mashariki.

Huko Kinshasa, mwaka 1994, Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha orkestra ya kanisa la Wakimbangu. Fidla zilikuwa chache, wanafunzi wengi, wakapokezana chombo kimoja. Uzi ukikatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Mwaka 2010 ilitoka filamu juu yao, “Kinshasa Symphony”, ya Claus Wischmann na Martin Baer. Filamu hiyo naisifu, kwa sababu haifichi jasho la mazoezi: yatuonyesha watu wenye kazi zao za mchana, wakikutana jioni kuhangaika na Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Hata umeme unakatika, taa zinazimika. Lakini nina neno moja la kuikosoa. Wimbo ule ni wa umati wa waimbaji na wapigaji, na fidla moja humo ni kama mvuvi mmoja katika mitumbwi mia. Mtazamaji wa kwetu aweza kuondoka akidhani kwamba pasipo watu mia mbili hapana fidla. Kumbe yule kijana mmoja anayejifunza peke yake ndiye aliyenigusa moyo kuliko wote. Tena taa zikizimika, kinanda cha umeme hunyamaza, lakini fidla yaweza kuendelea.

Mfano wa pili ni Unguja. Chama cha Ikhwani Safaa kilianza mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Katika taarabu yao ya asili kuna pigo liitwalo bashraf, lisilo na mwimbaji, ambalo hutangulia nyimbo. Hapo fidla hazina pa kujificha. Mwimbaji akija, fidla humjibu: asema neno, nazo zalirudia kwa kulivuta na kulipamba. Na wasikilizaji hawakai kama mawe; huinuka wakamtunza mwimbaji fedha mkononi. Hayo yawezekana kwa sababu wako karibu. Baadaye, taarabu mpya ilipochukua kinanda cha umeme na vipaza sauti vikubwa, fidla zilisukumwa pembeni. Watu walipata kucheza zaidi, sikatai. Lakini yale majibizano ya uta na koo yalipungua, na hasara hiyo ni kubwa.

Wengine watasema: “Hayo ni ya Kinshasa na Unguja, sisi tuna ngoma zetu.” Ngoma tunazo, na ni nzuri. Lakini uta juu ya uzi si mgeni Afrika. Ng'ambo ya ziwa letu Warundi wana iningidi ya uzi mmoja. Waganda wana endingidi, Wajaluo orutu, Wagogo zeze. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, alilipeleka zeze lake mpaka Ulaya, na watu wa huko wakamsikiliza. Fidla na zeze ni ndugu. Anayemdharau mmoja hajamfahamu na mwingine.

Hata Kanisa limekwisha kusema juu ya jambo hili. Mwaka 1903 Papa Pius X alikataza piano na ngoma katika ibada. Mwaka 1955 Papa Pius XII, katika barua yake juu ya muziki mtakatifu, alivitaja vyombo vya uta, fidla ya kwanza, akavisifu kwa uwezo wao wa kuonyesha furaha na huzuni ya roho. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu na vyombo vingine vinavyofaa kwa ibada. Tazameni basi ajabu: ngoma, iliyokatazwa, imekwisha kuingia na kukaa, fidla, iliyosifiwa, katika parokia nyingi bado i nje mlangoni.

Nasema hivi kwa sababu ya hatari moja. Mzee ajuaye uta akifa bila mwanafunzi, mkono wake haurudi; simu itatunza sauti, haitatunza mkono. Vita vimetufundisha kwamba mengi hayachukuliki wakati wa kukimbia, lakini zeze na fidla hubebwa kwapani. Ni vyombo vya watu kama sisi.

Basi yafaa nini? Chumba cha katekesi chatosha. Viti arobaini, dirisha wazi, mpigaji mmoja, awe wa fidla au wa zeze. Kipaza sauti kiachwe nyumbani, na simu zizimwe. Mwanzoni mtasikia uta ukikwaruza. Msicheke, hiyo ndiyo sauti ya mkono unaotafuta. Mkiwa hamkufahamu, mwambieni arudie. Wimbo ukiisha, ngojeni kidogo kabla ya kupiga makofi, mpaka sauti ya mwisho imalizike yenyewe. Kisha mtoto mmoja aulize kama aweza kuushika uta. Apewe.